Mgeni wa Mia

Zamani? Hapana, msinisingizie. Haya hayakutokea zamani, na wala hayakutokea kwetu. Yalitokea katika nchi moja hivi: ukitoka hapa unakwenda, unakwenda, ukichoka ujue umeshafika. Jina lake silitaji kwa sababu za usalama. Hata wenyeji wake huliandika kwa penseli.

Nchi hiyo inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni ukarimu. Kila mwaka kuna Wiki ya Ukarimu wa Taifa, na kwa kuwa ni wakarimu kweli, wiki yenyewe ina siku kumi na nne. Mabango hutundikwa kutoka uwanja wa ndege hadi mochwari: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. La pili ni wepesi wa sheria. Kwingine sheria hupita bungeni ikachoka njiani. Kwao hutoka moja kwa moja kinywani mwa Rais. Akitamka neno mchana, jioni limeshachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwaka juzi alipiga chafya katikati ya hotuba, na mpaka leo wanasheria wanabishana kama ile ilikuwa kifungu au kanuni ndogo.

Mwaka huu Rais aliifungua Wiki ya Ukarimu kwa hotuba ya saa nne. Nawapa kipande tu.

"Ndugu wananchi! Wageni tunawapenda! Lakini mgeni akikaa sana anageuka nini? Anageuka mwenyeji! Sasa tutamkarimu nani? Nataka kabla wiki hii haijaisha, wageni mia moja wawe wamerudishwa kwao, ili ipatikane nafasi ya kuwakaribisha wengine! Na ardhi yoyote inayomilikiwa na mgeni, nasema mbele ya Mungu na mbele ya televisheni, hiyo si nchi yetu! Hatuitaki! Tusihesabiwe nayo!"

Makofi. Jioni ikatoka Sheria Namba Arobaini: *Ardhi inayomilikiwa na mgeni si sehemu ya nchi hii.* Wananchi wakaisoma, wakafungia maandazi.

*

Kazi ya kutafuta wageni mia akapewa Kamishna wa Uhamiaji, Mheshimiwa Lugojo, mtu mwenye nishani nyingi kiasi kwamba akikohoa anasikika kama kabati la vyombo. Alifanya kazi usiku na mchana. Alikamata wachezaji wa sarakasi kumi na wawili. Alikamata watalii waliokuja kusoma mabango. Alikamata golikipa wa timu ya taifa aliyefungwa mabao matatu, wakasema huyu hawezi kuwa wa kwetu. Wiki ya kwanza ilipokaribia mwisho akahesabu: tisini na tisa. Akahesabu tena kuanzia nyuma. Tisini na tisa vilevile.

Siku hiyohiyo, Ijumaa saa tatu asubuhi, Bi. Mwatumu binti Shomvi akafika kwenye geti la Makao Makuu ya Uhamiaji na furushi kichwani.

Huyu Bi. Mwatumu ni fundi cherehani. Bendera zote za taifa, kuanzia ile ya Ikulu hadi zile za kwenye magari ya wakubwa, hupita chini ya sindano yake, kwa kuwa ndiye pekee anayejua kuikata nyota yake ikakaa wima bila kulala upande. Furushi lile lilikuwa bendera za Wiki ya Ukarimu.

"Kitambulisho, mama," mlinzi akasema.

"Kitambulisho si mnacho nyinyi, mwanangu?"

Na kweli walikuwa nacho. Miaka miwili nyuma serikali ilikusanya vitambulisho vyote ili vihakikiwe. Vya bandia wakarudishiwa wenyewe. Vya kweli vikahifadhiwa kwenye sanduku la chuma, visije vikapotea. Ndiyo maana nchi hiyo ukimwona mtu ana kitambulisho unamkimbia.

"Sisi tunacho," mlinzi akasema. "Nauliza wewe."

"Mimi sina. Mmekichukua."

"Kwa hiyo unakiri huna."

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia hata kulishusha furushi, akampeleka ghorofa ya pili.

*

Kamishna Lugojo alipomwona alisimama, kwa furaha ya mtu aliyeona namba mia inaingia kwa miguu yake.

"Karibu sana, mama. Kaa. Tunaheshimu wageni."

"Mgeni nani, baba? Nimeleta bendera."

"Swali moja tu la uraia. Mama wa bibi yako alizaliwa siku gani ya wiki, na siku hiyo mvua ilinyesha?"

Bi. Mwatumu akafikiri. Akamtafuta bibi yake kichwani, akampata; akamtafuta mama wa bibi, akampata kidogo, sauti tu. Siku hakuipata. Wala mvua.

"Sijui, baba."

"Raia halisi angejua."

"Lakini kitovu changu kimezikwa hapahapa! Chini ya dirisha lako, hapo penye mlingoti. Hiki kilikuwa kiwanja cha mama yangu, kisha changu, kabla hamjajenga. Cha mama yangu kipo, changu kipo, cha binti yangu kipo."

Kamishna akacheka mpaka nishani zikapiga muziki. "Una risiti ya kitovu?"

Akamkabidhi barua yenye mihuri minne. Ilimtaka arudi kwao ndani ya siku saba. Juu ya barua akaweka karatasi nyingine, Fomu ya Kuondoka kwa Hiari.

"Na nisipotaka kuondoka?"

"Hiari ni ya lazima, mama. Tia sahihi hapa."

"Siku saba," akasema Bi. Mwatumu polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Binti yangu Nasra amejifungua jana. Kitovu cha mtoto kitadondoka ndani ya siku saba au kitapitiliza, nani anajua? Mimi ndiye bibi. Mimi ndiye wa kukizika, pale pale walipo wenziwe. Mkinitoa kabla, mtoto atakuwa wa wapi?"

"Hilo," Kamishna akasema kwa upole, "litakuwa swali letu la mwaka kesho."

Kilichomwokoa ni miwani. Aliisahau kwenye cherehani, na mwanamke yule katika maisha yake hajawahi kukata kitambaa wala kutia sahihi pasipo kuona. Akazikunja zile karatasi mbili, akaondoka nazo. Furushi la bendera walimpokea, wakampa na shukrani za taifa.

*

"Mama, usitie sahihi!" Nasra akasema kitandani, mtoto kifuani. "Nenda kwa Sikudhani. Nenda sasa hivi, usikae!"

Wakili Sikudhani Mbaruku alikuwa na ofisi juu ya mashine ya kusaga. Kibao chake kilisema: VIZA, URAIA, KUFUKUZWA NCHINI. TUNASAIDIA KUINGIA, KUKAA NA KUGOMA KUTOKA. Ghorofa nzima ilitetemeka kutwa, viti vilitembea vyenyewe, na unga ulipenya kwenye mbao za sakafu ukaja kutua kwenye majalada. Huko Uhamiaji wakiona jalada lina unga wanashika kichwa: limepita kwa Sikudhani.

"SEMA KWA NGUVU, MAMA!" akapaza wakili, mwanamke mwembamba, nyusi nyeupe kwa sembe.

"WANANIRUDISHA KWETU!"

"KWENU WAPI?"

"HAPA!"

Chini mashine ikazimwa ghafla, mahindi yamekwisha, neno la mwisho likasikika mtaa mzima. Sikudhani akaisoma barua mbele na nyuma. Akainusa mihuri. Akacheka.

"Nisikilize, mama, kabla hawajamwaga gunia lingine. Hii fomu ya hiari usiiguse. Ukitia sahihi umeondoka mwenyewe, hakuna wakili duniani atakayekurudisha. Pili, usikimbie. Watu wanakimbilia kwa shangazi shamba, halafu kukimbia ndiko kunakuwa kosa. Na usimpelekee mtu hata embe."

"Nilishamwekea Kamishna kuku..."

"Mle kuku wenu, Nasra amejifungua. Sasa angalia. Wamesema urudi kwenu. Wameandika kwenu ni wapi?"

Bi. Mwatumu akavaa miwani. Akatazama. Mistari ishirini, mihuri minne, hakuna.

"Mtu hafukuzwi kuelekea hewani, mama. Lazima iwepo nchi ya kumpokea. Kesho natafuta nchi inayokukataa."

"Anikatae nani tena, mwanangu? Mmoja hatoshi?"

"Wa pili ndiye dawa."

Mashine ikaunguruma. Wakaagana kwa ishara, wote wawili weupe kama mizuka.

*

Jumamosi ubalozi ulifungwa. Jumapili ulifungwa zaidi. Jumatatu Sikudhani alikuwa mlangoni pa ubalozi wa Ng'ambo, nchi ya jirani ambako wageni wote wasio na kwao hutupwa. Balozi wa Ng'ambo alikuwa mzee mtaratibu ambaye kwa miaka minne hakuna aliyemtembelea ila mtu wa kusoma mita.

"Tunampokea kwa mikono miwili," alisema Balozi. "Anahitaji tu viza ya kufukuzwa."

"Inapatikanaje, Mheshimiwa?"

"Alete pasi."

"Ya nchi gani?"

"Ya kwao. Ionyeshe kuwa yeye ni raia wa hapa. Akishakuwa raia wa hapa, tunampa viza ya kufukuzwa hapa."

"Na akiwa si raia wa hapa?"

"Basi hana pasi. Hana pasi, hana viza. Hana viza, akikanyaga Ng'ambo tunamfukuza."

"Mnamfukuzia wapi?"

"Hapa."

"Mheshimiwa, unaweza kuniandikia hayo?"

Macho ya Balozi yakalowa. Hakuna aliyewahi kumwomba aandike kitu. Aliandika kurasa sita, akapiga mhuri, akaomba abaki na nakala ya kumtumia mkewe.

Jumanne Sikudhani akaipeleka ile barua mahakamani pamoja na ombi la kuzuia Bi. Mwatumu asiondolewe mpaka asikilizwe. Karani akampa tarehe ya mwakani. Sikudhani akasema mteja wake anaondolewa Ijumaa. Karani akasema basi mwakani atakuwa na muda. Sikudhani akakaa kwenye meza ya karani. Juu ya meza, naapa, si kwenye kiti. Akafungua kopo lake la chakula, akaanza kula maharage taratibu. Kufika saa tisa tarehe ikawa Alhamisi.

*

Siku hizo zote Bi. Mwatumu hakutulia mahali pamoja dakika tano. Anakwenda kitandani kwa Nasra, anafunua kanga, anatazama kitovu cha mtoto: bado kimeshika. Anarudi kwenye cherehani, anashona. Anarudi kitandani. Bado. Usifikiri alikuwa anashona nguo yake. Uhamiaji walikuwa wameagiza bendera hamsini zaidi kwa ajili ya sherehe za kumfukuza mgeni wa mia, na barua ya oda ilimtaka amalize kabla hajaondoka nchini.

"Mama, na wewe unashona!" Nasra alilia.

"Kazi ya watu hiyo. Tena nyota zao zikilala upande watasema ni chuki."

Jumatano alasiri Sikudhani akaingia, hodi na mguu vikafika pamoja. "Mama, nataka karatasi. Yoyote yenye jina lako kutoka serikalini. Cheti cha kuzaliwa?"

"Kilichukuliwa na uhakiki."

"Kadi ya kliniki? Ya shule?"

"Uhakiki."

"Hata barua ya kutukanwa, mama! Kesho ni kesho!"

Bi. Mwatumu alikuwa ameinamia meza, anazungusha chaki kwenye kitambaa cheupe kwa kufuata ukingo wa karatasi ngumu iliyokatwa umbo la nyota. Miaka ishirini na miwili amekatia nyota za taifa kwa karatasi hiyo. Sikudhani akasogea. Akainama. Akaichomoa chini ya mkono wa mwenye mali.

"Wee! Chaki hiyo bado mbichi!"

Upande wa nyuma wa ile nyota kulikuwa na maandishi ya taipu, yamekatwakatwa na ncha lakini tumboni yamekaa mazima: *...kwa RAIA Mwatumu binti Shomvi, mmiliki. Unaamriwa kuhama kiwanja namba saba ndani ya siku saba ili kupisha ujenzi wa Makao Makuu ya...* Na mhuri nusu.

"Hii ni nini, mama?"

"Barua ya kutuhamisha walipotaka kujenga. Karatasi yao ilikuwa ngumu, nzuri. Nikasema isiharibike bure."

Sikudhani akakaa chini sakafuni kwenye vipande vya bendera. Akayasoma maandishi tena, kidole kikifuata kila neno.

"Walikuita raia," akasema, "siku waliyokuwa wanakutimua."

"Walikuwa na adabu zamani," akajibu Bi. Mwatumu. "Nirudishie nyota yangu, zimebaki kumi na nane."

*

Alhamisi mahakama ilikaa imesimama. Viti vyote vilikuwa vimeazimwa na Wiki ya Ukarimu. Jaji Tindwa alisimama, mawakili wakasimama, na karani aliandika kwa kuegemeza daftari mgongoni mwa askari. Jaji huyu alikuwa na sifa moja iliyomfikisha mbali: katika miaka kumi na tisa serikali haijawahi kushindwa mbele yake.

Wakili wa Serikali alikuwa Bwana Ndeke, kijana mwenye tai ndefu. Alipoiona ile nyota akaruka.

"Napinga, Mheshimiwa Jaji! Hati ina pembe nne. Hii ina tano!"

"Basi imezidi moja, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Sheria inakataza pungufu, haikatazi nyongeza."

Jaji akazihesabu ncha kwa kidole. Akarudia. "Tano," akaamua, na karani akaandika.

"Zaidi ya hapo," Ndeke akaendelea, "Serikali haijawahi kuandika barua hiyo. Haimo katika majalada yetu."

"Haijawahi kabisa?" Sikudhani akauliza, na uso akauangusha kama mtu aliyevunjika moyo.

"Kabisa!"

"Hakuna hata barua nyingine ya kuchukua kiwanja namba saba?"

Ndeke alipoona mwenzake ananyong'onyea, akapanda sauti. "Hakuna hata moja! Serikali haikumwandikia mwanamke huyu kitu chochote, kwa sababu Serikali haiwaandikii wageni!"

"Naomba hilo liandikwe, Mheshimiwa."

Likaandikwa. Mgongo wa askari ukasikia kila neno.

"Sasa, Mheshimiwa," Sikudhani akasema, na ule unyonge ukamtoka kama mtu aliyevua koti. "Barua ikiwepo, mama huyu ni raia, maana serikali yenyewe imemwita hivyo. Ndugu yangu Ndeke amesema haipo. Vizuri. Kama haipo, kiwanja namba saba hakikuchukuliwa kwake hata siku moja. Naomba ugeuke nyuma yako."

Nyuma ya Jaji palining'inia ramani ya mji, ya zamani, haijawahi kubadilishwa kwa kuwa inaziba ufa. Kwenye kiwanja namba saba, kwa wino uliofifia: *Mwatumu bt. Shomvi.*

"Mmiliki ni yeye. Serikali inasema yeye ni mgeni. Na hii hapa Sheria Namba Arobaini, ya juzi, bado ina joto la kinywa cha Rais: ardhi inayomilikiwa na mgeni si sehemu ya nchi hii. Barua ya Balozi wa Ng'ambo nayo hii, kurasa sita, inasema kule hawamjui. Naiomba mahakama iamue: ni raia, akae, au ni mgeni, na mahakama itutajie kwao ni wapi."

Ndeke alikuwa anaikunja tai yake na kuikunjua.

Jaji Tindwa alijiona amebanwa. Akisema ni raia, serikali imeshindwa, na miaka kumi na tisa imepotea. Akisema Sheria Namba Arobaini ni upuuzi, hilo hata kulifikiria alilifikiria haraka asije akasikika. Akatoka nje kupunga upepo. Akarudi.

"Mahakama hii haijawahi kuishinda Serikali," akasema, "na haitaanza leo. Serikali imeshinda. Mwatumu binti Shomvi ni mgeni. Arudishwe kwao kesho, saa nne asubuhi."

Ndeke alianza kupiga makofi. Bi. Mwatumu alimkamata Sikudhani mkono, kucha zikazama. Kitovu asubuhi ile kilikuwa bado kimeshika.

"Na kwao," Jaji akamalizia upesiupesi, kama mtu anayemeza kwinini, "kwa mujibu wa sheria, ni kiwanja namba saba."

Makofi ya Ndeke yakaendelea kidogo yenyewe, yakafa.

"Mwanangu," Bi. Mwatumu akanong'ona, "tumeshindwa?"

"Tumeshindwa vizuri sana, mama. Nenda kafungashe cherehani."

*

Kamishna Lugojo ni mtu mwenye shughuli nyingi, hukumu husoma mstari wa kwanza. *Serikali imeshinda.* Kwake ilitosha. Ijumaa saa nne akatokea na bendi ya polisi, magari sita na kamera, akampandisha Bi. Mwatumu kwenye gari la wazi pamoja na cherehani yake. Kila gari lilipepea bendera, nyota wima. Umati ulijipanga barabarani chini ya mabango ya MGENI NJOO. Mabibi wengine walilia. Golikipa alikuwa amesharudi kwa njia ya panya, naye akapunga.

Safari ilichukua dakika kumi na moja, maana walizunguka sanamu mara mbili kwa ajili ya televisheni. Dereva, ambaye yeye alikuwa amesoma hukumu yote kwa sababu ndiye anayetakiwa kujua waendako, akasimamisha gari mbele ya geti la Makao Makuu ya Uhamiaji.

"Mbona hapa?" Kamishna akauliza. "Tunachukua nini?"

"Tumefika, mkuu."

Kamera zikasogea. Bendi ikapiga. Sikudhani alikuwa tayari getini, unga kwenye nyusi, ameshika karatasi na kalamu. "Hati ya Kumkabidhi Mfukuzwa katika Nchi Yake, Mheshimiwa. Ukitia sahihi ndipo anahesabika wa mia."

Mia! Kamishna alilisikia hilo tu. Akatia sahihi kwa madaha, ubavu kwa kamera, akahutubia: "Leo tumemrudisha mgeni huyu katika ardhi isiyo yetu, tusiyoitaka, na ambayo hakuna mzalendo atakayeikanyaga bila kibali!" Makofi. Bi. Mwatumu akashuka. Askari wawili wakambebea cherehani hadi ndani ya geti. Yule mlinzi wa siku ile akamletea kigoda chake mwenyewe.

Ndipo Nasra akatokea, anakimbia, kilemba kimefunguka, mtoto kamfunga kifuani. "Mama! Kimedondoka! Sasa hivi, njiani!" Kwenye pindo la kanga kulikuwa na fundo dogo.

Bi. Mwatumu akamsogelea. Alilichukua lile fundo kwa mikono miwili, akaenda hadi kwenye bustani ya maua chini ya mlingoti, akapiga magoti. Alichimba kwa mkasi wa kukatia bendera. Alikuwa anatembeza vidole kwenye udongo kama anatafuta watu wa kusalimia. Akafukia. Akashindilia kwa kiganja. Bendi nayo, sijui nani aliiambia, ikanyamaza.

Aliposimama, uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza toka Ijumaa ile ya furushi.

Juu, ghorofa ya pili, simu ikaanza kulia. Kila mtu nchini humo anaujua mlio ule: ni simu ya Ikulu. Rais anataka kusikia "mia".

Kamishna akakaza mkanda, akaelekea getini. Kigoda kilikuwa katikati ya njia, na juu ya kigoda Bi. Mwatumu, miwani usoni.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Ofisini kwangu! Husikii simu?"

"Naisikia. Una viza?"

Kamishna akageuka kwa wasaidizi wake. Wakatazama viatu. Akamgeukia Sikudhani, na sauti yake, wallahi, ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi za mashine ya kusaga. "Wakili. Nisaidie. Nifanyeje?"

"Usikimbie, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Usitie sahihi kitu chochote usichokisoma. Ila hiyo ya pili umechelewa." Akampisha kwenye benchi la nje ya geti.

Simu ikakatika. Ikaanza upya.

"Swali moja tu," Bi. Mwatumu akasema, na akalisema taratibu, bila chuki, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Mama wa bibi yako, baba, alizaliwa siku gani ya wiki? Na siku hiyo mvua ilinyesha?"

Kamishna Lugojo akafungua mdomo. Akatazama juu, kule wingu linakotoka. Mtoto akapiga mwayo.

Mimi niliondoka hapo, nina mambo yangu. Lakini dirisha la ghorofa ya pili wameliacha wazi, na upepo ukivuma upande wetu, hata sasa ninavyowahadithia, simu bado inalia.